Wendell Harnish, Aliyekataza Karatasi Jukwaani

Ndugu, jamaa na nyote mliofika pamoja na theluji hii, kaka yetu Wendell Roy Harnish alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 hapa Lunenburg, Nova Scotia, mtoto wa kwanza wa Mzee Elvin, fundi wa mashua, na Bi. Hilda, akasoma hapa hapa hadi 1962, mkaidi kuliko sisi wadogo zake wote, hilo halina ubishi.

Mwaka 1963 alikwenda Toronto kusomea uigizaji, akapanda majukwaa kuanzia Winnipeg hadi St. John's, na tarehe 2 Mei 1970 akafunga ndoa na Greta Zinck, wakajaliwa binti mmoja, Avis. Mwaka 1978 alirudi nyumbani, akageuza ghala la samaki kuwa ukumbi wa maigizo, akawa mwongozaji wake kwa miaka thelathini na minne, na sheria yake mliijua, wiki ya pili ya mazoezi ikianza hakuna kushika karatasi, maneno yawe kichwani. Kwa sheria hiyo, Oktoba 1986, alimfukuza Corinne Veinot mbele ya wenzake, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akikesha na mama yake mgonjwa.

Mwaka 2012 Corinne huyo huyo alichaguliwa kushika nafasi yake. Mwaka 2017 marehemu alianza kupoteza kumbukumbu, akawa analia kwamba anataka kuigiza mara moja tu tena, Corinne akampa nafasi, na tarehe 14 Septemba 2018 waigizaji wote saba walipanda jukwaani na karatasi mikononi, ili yake isionekane peke yake. Jamani, tulilia.

Baada ya hapo alikwenda kwa Corinne mara tatu kumwomba radhi, akifika anasahau kilichompeleka, anakunywa chai, anarudi. Avis alimwandikia maneno, akakataa katakata, akisema mtu haombi radhi kwa kusoma, lakini mwishowe alisalimu amri: "Basi andikeni, mtu asome siku yangu."

Alifariki kwa utulivu tarehe 21 Januari 2024, akiwa na Greta na Avis. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu na kuzoa theluji mlangoni, na wenzake wote wa ukumbini.

Corinne, hiki ndicho alichoandikisha: "Nilijua mama yako anaumwa, na bado nilikufukuza. Nisamehe."

Limesemwa, kaka. Sasa pumzika.