Kamba Shingoni, Jani Kidoleni

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana. Kuna swali lililonishinda miaka mingi: kwa nini mkono wangu ulikimbilia shingoni kila nilipoambiwa nisimame niseme?

Nilizaliwa Itumbe, kwenye majani chai. Miaka ya sitini, mtoto aliyeponyokwa na neno la Kikisii darasani alivishwa kibao cha mbao chenye kamba shingoni, akakaa nacho mpaka mwingine akosee. Mimi nilikivaa karibu muhula mzima. "Punda kafungwa, punda kafungwa," wenzangu waliimba. Tangu hapo, mbele za watu koo langu lilijifunga. Niliomba. Nilipoona sijibiwi, nikaanza kuuliza kama kuna anayesikia.

Niliingia chuo kikuu kwa kalamu, si kwa mdomo. Kisha Baba, ambaye alikuwa seremala, akaugua. Akawaambia wazee, "Siku yangu ikifika, Moraa ndiye atakayenisemea." Moraa huyo ni mimi.

Chuoni mwenzangu wa chumbani alinipa kijitabu cha wanaoanza, cha elimu mpya iitwayo programu ya neva na lugha. Kilisema mwili hufunga hofu kwenye kitu kidogo, mguso au sauti, na kitu hicho kikirudi, hofu nayo hurudi. Kwangu ilikuwa ile kamba. Kikasema utulivu nao hufungwa vivyo hivyo: kumbuka saa uliyokuwa mtulivu, na kumbukumbu ikishajaa, bana vidole viwili. Rudia mara nyingi. Nilitafuta ushahidi, sikuuona. Nikajaribu hata hivyo, nikatoka mtupu, maana sikuwa na kumbukumbu hata moja ya kusema vizuri.

Likizo ilipofika nikamweleza Mama tukichuma chai.

"Kwa hiyo unatafuta siku uliyosema bila kuogopa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na tangu asubuhi unafanya nini hapa? Umenihubiria mpaka kikapu changu hakijai. Hao wa chuo kikuu wanafundishwa kutoona?"

Nikatazama mkono wangu. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimebana majani mawili na kichipukizi.

Likizo yote nilichuma nikisema. Nilisema zaburi, nilisema habari za Baba, na kila jani nililibana kwa makusudi.

Tulimzika Baba siku ya Jumapili. Niliposimama, mkono ukaanza kupanda shingoni. Niliita, "Bwana," basi. Nikaushusha, nikabana vidole. Koo likafunguka. Nikasimulia mikono ya Baba, na milango aliyoitengeneza kutoka Kiogoro hadi Nyamarambe, ambayo hakuna hata mmoja uliokwaruza sakafu.

Mtaniuliza: ni kijitabu au ni Mungu? Ndugu zangu, bado nauliza. Najua tu kwamba kijitabu kilinionyesha njia, na siku ya kuipita sikuwa peke yangu. Kwa hilo nashukuru. Nawe uliyefungwa na aibu ya utotoni, mkabidhi Yeye kamba hiyo, kisha usimame useme.

Mwaka jana Mama aliniambia jambo alilokuwa amelificha. Kile kibao, shule ilimwagiza fundi wa karibu. Baba ndiye aliyekichonga, kabla hajajua nitakivaa. Alikipiga msasa pande zote, kisije kikamchubua mtoto.