Bi Hebu, Mwalimu Asiyeamini Upesi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika shule hii, mkuu wa Kitengo chetu cha Elimu Maalumu anastaafu rasmi. Wote tunamwita Bi Hebu. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu ya neno lisilombanduka mdomoni. Umemaliza zoezi? Hebu nione. Tumbo linauma? Hebu nione ulimi. Hata chai ya ofisini huinusa kwanza, akamtazama aliyeipika, ndipo akanywa.

Alianza kama mwalimu wa lugha, na siku hizo kitengo hakikuwepo. Mtoto aliyeshindwa kusoma aliketi nyuma, akaitwa mvivu, mambo yakaishia hapo.

Katika mwaka wake wa tatu alipokea insha iliyomkosesha raha. Ilitoka kwa binti mmoja ambaye darasani hakuweza kuandika mstari ukasomeka. Herufi zilipinduka, maneno yaligongana, na kwenye imla aliambulia alama mbili kwa ishirini. Lakini insha hii ya nyumbani ilimhusu mjane aliyeuza nyumba yake kisha akagoma kutoka chumba cha mwisho, na ilisomeka kama kazi ya mtu aliyekula chumvi nyingi. Bi Hebu hakutabasamu. Alijua binti analelewa na shangazi yake, fundi cherehani, na shaka yake yote ikamwangukia huyo shangazi.

Alimwendea nyumbani bila taarifa. Kupitia dirisha alimwona binti akizunguka meza ya kupigia pasi huku akisimulia, na shangazi ameinama juu ya karatasi, akilalamika. "Polepole, mwanangu. Mkono wangu si cherehani."

Mwingine angeridhika. Bi Hebu alihisi huenda hadithi imekaririwa. Alibisha hodi, akaketi juu ya marobota ya vitambaa, akamtaka binti amsimulie papo hapo habari za kitasa cha mlango wa chumba kile. Binti alikitazama kitasa kidogo, kisha akaanza na mtu aliyehamia nyumba ambayo vitasa vyote viko upande wa nje. Alipofika pale mtu huyo anaposikia kimoja kinazungushwa, shangazi alikuwa ameshaisahau pasi juu ya sketi ya mteja. Chumba kikajaa moshi. Bi Hebu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumweleza mwenye sketi jinsi ilivyoungua. Mwenye sketi hakuamini hata neno moja.

Tangu siku ile shaka yake ilihama. Aliyetiliwa shaka sasa ni kila mtu aliyetamka neno mvivu. Mchana alikaa na binti, wakikata herufi kubwa kutoka mabaki ya vitambaa na kuzipanga mezani, mtoto azishike kwa vidole kabla ya kuzisoma. Walimu wenzake walipoanza kusema kwamba huyu ana kipaji, basi aachwe asimulie tu, aliudhika kuliko walipomwita mvivu. "Kipaji ndicho kitakachomsomea maandishi ya chupa ya dawa?" aliuliza. "Tumsaidie kote kuwili."

Mtihani wa mwisho ulipokaribia, aliomba binti aruhusiwe kusimulia insha, na mtu amwandikie. Minong'ono ikaanza. Watu wasio na shughuli walipita na kupita tena mbele ya mlango wake. Makamu wa mkuu wa shule, mtu wa kanuni hasa, hakuzunguka. Alisema kikaoni, "Mwalimu, nina wasiwasi insha hiyo itakuwa yako." Kama shaka hiyo ingefika kwenye baraza la mitihani, binti angefutiwa mtihani mzima.

Tulidhani angewaka. "Hata mimi ningekuwa na wasiwasi," alimjibu. "Basi umwandikie wewe, Makamu."

Siku ya mtihani Makamu aliingia na kalamu mbili na uso wa mlinzi wa zamu. Msimamizi wa mtihani alisimulia baadaye kwamba mwanzoni Makamu aliikagua mikono ya binti, akachungulia chini ya meza, akatazama dirishani kila mara. Baadaye aliacha kutazama popote, akawa anaandika tu. Kengele ililia hadithi ikiwa haijaisha. Kanuni ni kanuni, akaiweka kalamu chini katikati ya sentensi. Karatasi zilipokwisha kukusanywa, alimfuata binti mlangoni akamuuliza kwa sauti ya chini kama yule mzee wa kwenye hadithi alilifungua lango au la.

"Bado sijajua, mwalimu," alijibu binti. "Nilikuwa nangoja umalize mstari."

Insha isiyo na mwisho haikupata alama za juu sana. Binti alifaulu, bila kishindo, akaendelea na masomo. Muhula uliofuata Makamu mwenyewe aliisimamia hoja ya kuanzisha kitengo, na stoo ya viti ikawa darasa. Si wote waliokipokea. Baba mmoja alisimama nje ya dirisha wiki nzima ahakikishe mwanawe hajatupwa huko. Bi Hebu alimtolea kiti. Yule binti siku hizi huandika michezo ya redio. Bado husoma taratibu, na kila mkataba huusoma mara mbili kabla ya kutia saini, jambo ambalo Bi Hebu hulisifu kuliko michezo yenyewe.

Wiki iliyopita alimkabidhi ufunguo mwalimu kijana anayemrithi. Kesho yake asubuhi tulimwona amesimama kwenye korido, ametega sikio. Ndani, mtoto alikuwa akibishania jibu la hesabu alilolipata kichwani lakini hawezi kuliandika, na mwalimu mpya akimwambia alieleze kwa mdomo, bila haraka. Bi Hebu alisikiliza mpaka mtoto alipomaliza. Akaurekebisha mkoba begani, akaondoka bila kuingia.

Ahsante sana, Bi Hebu, kwa kazi yote. Nenda ukapumzike na mumeo na wajukuu, na siku zako zote za mbele ziwe njema.