Ngazi ya Tonda na Brusaferro

Tramu ya Torino ilipopita mbele ya maktaba, kijana mwanafunzi wa usanifu majengo, aliyebeba bomba la michoro, alimpiga kiwiko binti aliyesoma naye. "Unaiona ngazi ile ya nje? Kazi ya Tonda hiyo. Mkono wake siukosei."

"Acha zako! Si pale ukutani wameandika Tonda na Brusaferro? Huyo mama umempeleka wapi?"

"Brusaferro? Yule alikuwa wa kupokea simu na kubembeleza wateja. Mwalimu mwenyewe kasema."

Kwenye kiti cha upande wa pili wa tramu, Ornella Brusaferro aliukumbatia mkoba wake. Kubembeleza wateja! Livio Tonda ndiye aliyekuwa na maneno matamu. Tangu wamalize chuo, yeye na Livio walikaa meza moja, uso kwa uso, wakichora karatasi ileile, kila mmoja kutoka upande wake. Waliapa kwamba kila kazi itatoka kwa majina mawili, na nani kachora nini asiambiwe mtu. Ngazi ile aliichora yeye, Livio akiwa kitandani na mafua. Sasa Livio yuko makaburini.

"Tumuulize mama huyu," binti alisema akigeuka. "Eti mama, ngazi kama ile mwanamke hawezi kuichora?"

Tramu ilianza kupunguza mwendo. Ulimi ulimwasha Ornella. Akakitazama kiti kitupu kilichomkabili, kama anayeomba ruhusa.

"Waliichora wote wawili," alisema, akashuka.

Mlango ukijifunga, alimsikia kijana akicheka: "Mama wa watu, kajuaje yeye?"