Walinzi Wawili kwenye Kompyuta ya Sirkka

Benchi lilikuwa la mbao, limeegemezwa ukutani nje ya mkahawa wa kituo cha mafuta, pale unapoingia mjini Rauma, mahali ambapo basi la kutoka Vaasa husimama. Aprili ikifika na jua likaanza kuupiga ule ukuta, wazee huhama kutoka meza za ndani wakatoka nje na vikombe vyao, makoti yakiwa bado mwilini, huku theluji chafu iliyosukumwa na trekta imelundikana kando ya pampu. Ukilipia kikombe cha kwanza, cha pili ni bure, kwa hiyo hapo hakuna ubishi uliowahi kwisha mapema. Kushoto alikaa Radio, baharia mstaafu, ambaye akishaanza kusema hana kitufe cha kumzima. Katikati alikaa Stempu, mama aliyefanya kazi posta maisha yake yote na ambaye hajawahi kukosea, ukimuuliza mwenyewe. Kulia alikaa Jasusi, fundi umeme wa zamani, aliyeamini kwamba hata mashine yake ya kufulia inamsikiliza. Wa nne alikuwa Ensio Rautiola, waliyemwita Kimya. Huyo kazi yake ilikuwa kunywa, kuguna na kusikiliza.

Siku hiyo Kimya alifika bila kikombe.

— Kaa basi, Radio alimwambia. Umetusimamia kama askari.

— Sikai.

— Kahawa yako iko wapi?

— Sitaki kahawa.

Wote watatu wakamtazama. Ensio Rautiola kukataa kahawa lilikuwa jambo geni kuliko theluji mwezi wa Julai.

— Kuna nini, Ensio? Stempu aliuliza. Si leo Sirkka anarudi?

— Anarudi. Yuko kwenye basi. Basi linafika sasa hivi, na mimi sijui nitamwambia nini mke wangu. Na sijui kwa sababu yenu. Nyinyi watatu!

Sauti yake ilipanda mpaka msichana wa kaunta akachungulia dirishani. Ensio mwenyewe alishtuka kuisikia. Akaisukumiza mikono mifukoni.

Mambo yalikuwa hivi. Sirkka, muuguzi mstaafu, kwa miaka mingi alikuwa anakusanya maneno ya wazee waliozaliwa Lehtiluoto, kisiwa ambacho sasa hakuna mtu anayekaa humo msimu mzima wa baridi. Majina ya pepo za baharini, ya vipande vya nyavu, ya barafu za aina kwa aina, na matusi pia, kwa sababu Sirkka alisema lugha isiyo na matusi ni maiti. Aliwarekodi jikoni mwao, mmoja mmoja, na Ensio ndiye aliyebeba begi na kushika maikrofoni. Yote yakaingia kwenye kompyuta ya nyumbani. Mwezi uliopita Sirkka alikwenda Vaasa kumuuguza dada yake aliyefanyiwa operesheni ya nyonga. Ensio akabaki peke yake, akasoma gazetini habari za wezi wa mitandaoni, akaogopa. Akasema, nitamfanyia mke wangu jambo la maana, nitamwekea mlinzi kwenye kompyuta yake, programu ya kuzuia virusi. Ila mlinzi yupi? Akaja kuuliza kwenye benchi.

— Haya, Radio, Ensio alisema. Uliniambia nini? Rudia hapa mbele ya watu.

— Nilikwambia ununue ile ya kwenye boksi, ya kulipia, yenye picha ya ngao. Na bado nasema ni nzuri.

— Nikanunua. Stempu?

— Mimi nilisema uongeze na ile ya bure. Moja ikisinzia, nyingine iko macho. Posta tulikuwa na walinzi wawili mlangoni na hatukuwahi kuibiwa.

— Na hao walinzi wako wa posta walikuwa wanapigana ngumi? Maana hawa walipigana! Huyu anamwita mwenzake kirusi, na yule anamwita huyu kirusi. Kompyuta ikawa inavuma kama injini ya boti. Unabonyeza herufi moja, unakwenda kumenya viazi, unarudi ndiyo herufi inatokea.

Jasusi alicheka puani.

— Usicheke wewe! Ensio alimgeukia. Wewe ndiye uliyenimaliza. Uliniambia nizizime zote mbili.

— Na leo narudia! Jasusi aliweka kikombe chini. Hao wanaouza dawa ndio hao hao wanaotengeneza ugonjwa. Mchana wanakuuzia ngao, usiku wanakurushia mkuki. Ukizizima zote wanakupoteza, hawakuoni tena.

— Waliniona! Kesho yake tu waliniona. Likatokea dirisha jekundu kioo kizima, na king'ora juu. King'ora, jamani, ndani ya nyumba, mpaka jirani akagonga ukuta! Limeandikwa: kompyuta yako imevamiwa, usiizime, piga simu namba hii.

— Hukupiga, Stempu alisema.

Ensio alitazama pampu za mafuta.

— Ensio. Niambie hukupiga.

— Nilipiga.

Stempu akafumba macho.

— Alipokea mtu mpole, Ensio aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa chini, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Kifini safi kabisa, kama mtangazaji wa habari. Ananiita bwana Rautiola, ananiambia usijali, wengi yamewapata, andika hiki, bonyeza hapa, mruhusu fundi wetu aingie. Nikamruhusu. Nikaona kipanya kinatembea chenyewe kwenye kioo na nikafikiri, aah, kumbe huu ndio utaalamu. Nikamshukuru! Mnasikia? Mwizi yuko sebuleni kwangu, mimi nasema asante sana, siku njema. Mpaka jioni faili zote zimefungwa. Majina yamekuwa takataka tupu. Ukigusa moja, linatokea tangazo kwamba nilipe ndipo wafungue.

— Polisi je?

— Nimekwenda. Wameandika. Wameniambia nisilipe, maana ukilipa hawafungui, wanadai tena.

Radio akanywa funda moja la kahawa.

— Hao wako kwenye meli, alisema. Nakwambia kweli. Meli imetia nanga nje kabisa, bahari isiyo ya nchi yoyote, ina antena kama msitu. Niliwahi kuiona mimi, kule karibu na kisiwa cha Gotland. Haina bendera. Ndiyo maana polisi hawawapati.

— Meli gani, acha kupiga kamba, Stempu alimkata. Ni yule yule muuza duka. Anakuuzia boksi, anabaki na ufunguo wa akiba. Nyinyi hamjiulizi kwa nini aliuliza jina lake na anwani? Mtu anayenunua nyanya anaulizwa anwani?

— Wote mnacheza, Jasusi alisema, akainamia mbele. Ni mita ya umeme. Zile mpya walizokuja kutubadilishia bure. Kitu cha bure, kampuni ya umeme, tangu lini? Inasoma kila kitu kinachopita kwenye waya. Na hawakumchagua Ensio kwa bahati. Walitaka yale majina ya barafu. Fikirieni! Barafu ipi inabeba mtu, ipi inabeba farasi, njia gani ya kupita kisiwani Februari. Hiyo siyo lugha, hiyo ni siri ya kijeshi. Huyo mpole mwenye Kifini safi ni mwanajeshi wa majini.

— Hebu nyamaza! Ensio alipiga kelele. Nyamaza, Jasusi! Siri ya kijeshi! Bibi Hilma wa Lehtiluoto alikuwa anaeleza namna mke anavyomtukana mume aliyekwenda kuvua akarudi amelewa bila samaki. Saa nzima anaeleza, tunacheka mpaka maikrofoni inanidondoka. Hiyo ndiyo siri! Na Hilma alikufa Februari. Mlimzika pamoja na mimi, Stempu, ulileta maua. Hakuna wa kurudi kumwuliza.

Stempu alishusha uso akaanza kukwangua kitu kisichokuwepo kwenye kikombe.

— Ndugu yangu, Radio alijaribu, sisi tulikushauri kwa nia njema...

— Sawa. Niambieni basi. Nyinyi kwenye kompyuta zenu mmeweka mlinzi gani? Radio?

— Mimi... unajua, mimi nina simu tu. Na hiyo anaishughulikia binti yangu.

— Stempu?

— Natumia ya maktaba. Pale wanayo yao, sijui ipi.

— Jasusi?

— Yangu niliizamisha ziwani mwaka juzi. Kwa usalama.

Ensio aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akalipiga teke lile lundo la theluji. Lilikuwa limeganda kama zege. Maumivu yakapanda mpaka gotini, akazunguka kwa mguu mmoja akitukana, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Akiwa bado ameshika kidole cha mguu, basi likaingia.

Sirkka alishuka wa mwisho, mwanamke mfupi mwenye kofia ya sufu ya kijani, begi dogo begani na sanduku la magurudumu mkononi. Alikuwa anatabasamu. Alimwona mumewe, akawaona wale watatu walivyojikunyata kama watoto waliovunja kioo cha shule, na tabasamu likaondoka.

— Nani amekufa? aliuliza.

— Hajafa mtu, Ensio alisema. Ni kompyuta.

Alimweleza pale pale, amesimama, mbele ya wote. Hakuficha kitu. Alieleza boksi, alieleza ile ya bure, kuzima, king'ora, simu, na lile neno asante. Sirkka hakumkatiza hata mara moja. Uso wake ulikuwa unabadilika taratibu, kwanza mweupe, halafu mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu.

— Nina nakala, Sirkka alisema mumewe alipomaliza, akagusa begi lake dogo. Nilikuwa nafanyia kazi kwa dada. Nina maneno yote, na sauti zote mpaka Krismasi.

— Mungu ashukuriwe! Radio alisema.

— Hilma tulimrekodi Januari, Sirkka alisema. Sauti yake haimo.

Akatoa simu, akampigia fundi anayemfahamu, aliyekuwa na duka karibu na mfereji. Waliisikia sauti ya yule fundi ikitoka nyembamba kwenye simu. Sirkka aliuliza machache, akajibu machache. Mara moja akasema, hapana, hawakulipa. Mara nyingine akasema, sawa, ifute yote. Akaishusha simu.

— Anasema anaweza kuisafisha ikafanya kazi kama mpya, alisema. Kufungua kilichofungwa, hawezi. Anasema hakuna awezaye isipokuwa waliokifunga.

— Sasa baada ya kusafisha utaweka ipi? Jasusi aliuliza, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Maana mimi nimesikia kuna moja ya...

— Nitaweka ile iliyokuwemo! Sirkka alimgeukia na kofia ikamwendea upande. Ilikuwa na mlinzi wake! Imetoka naye dukani, bure, ndani kwa ndani. Nilikuwa namsasisha kila wiki. Kompyuta haikuwa na kirusi, haikuwa na homa, haikuwa na kikohozi. Hilo boksi lenu lilipoingia ndilo lililomfukuza, na mlipozima boksi mkaacha mlango wazi!

Radio alitazama viatu vyake. Stempu alinong'ona pole.

Sirkka alivuta pumzi. Alipozungumza tena hakupaza sauti, na Ensio angependa apaze.

— Kompyuta ni yangu. Naitumia kila siku ya Mungu. Simu ninayo, usiku tulikuwa tunaongea, unaniambia habari za paka wa jirani. Ulimuuliza baharia. Ukamuuliza mama wa posta. Ukamuuliza mtu aliyezamisha kompyuta ziwani. Mbona hukuniuliza mimi?

Ensio alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba alitaka kumshangaza, awe amemwekea zawadi akirudi. Lilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu. Akatafuta jibu lenyewe, akarudi nyuma mpaka asubuhi ile ya gazeti, akajiona anavaa koti, anashuka ngazi, anakuja moja kwa moja kwenye benchi. Hakuona mahali ambapo jina la mke wake lilimpitia kichwani. Aibu ikampanda kwa moto kuliko hasira yote aliyokuja nayo.

— Na nyinyi? Sirkka aliwageukia wengine. Mwezi mzima mnajadili. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, kamuulize mwenye kompyuta?

Basi likaondoka likiacha moshi. Ndani ya mkahawa msichana wa kaunta alikuwa ananyanyua birika tupu, anaonyesha kwa mkono kwamba nyingine inachemka. Hakuna aliyenyanyua kikombe.

Sirkka aliinua mkono wa sanduku lake akaanza kuondoka, magurudumu yakikwaruza kokoto zilizomwagwa njiani wakati wa barafu ili watu wasiteleze. Ensio akamfuata akichechemea. Alinyoosha mkono kumpokea lile sanduku.

— Hili beba, Sirkka alisema bila kumtazama, akamwachia. Begi la begani alilihamishia upande wa pili, mbali naye, akalikumbatia kwa mkono mmoja, na hivyo hivyo wakaenda mpaka nyumbani.