Sweta Aliyoifumua Mzee Sindano

Benchi la Farah ni ubao uliolala juu ya mawe mawili, nje ya duka lake, ng'ambo ya soko la Kisii, chini ya bati linalovuja mahali pamoja tu, na hapo ndipo tunapomkalisha mgeni. Sisi wenye benchi tumebaki watatu na nusu. Wa kwanza ni Andrew, tunamwita Karani, aliyestaafu kansoli, ofisi ya baraza la mji, akiwa na mihuri mingi kichwani kuliko nywele. Wa pili ni Onyancha, tunamwita Sabato, shemasi wa kanisa lisiloruhusu kahawa. Kikombe chake, anaapa, kina tangawizi na maji ya moto tu, na kila siku maji hayo ni meusi. Wa tatu ni mimi, Digrii: B.A., Second Class Upper, mwaka wa pili bila kazi, barua kumi na saba nyumbani zote zikianza na "We regret". Nusu ni Farah mwenyewe, mguu mmoja uko nasi na mwingine uko dukani. Tulikuwa wanne na nusu. Wa nne, Mzee Jethro wa Mosocho, alikuwa dresa, alifunga watu bendeji na kuwadunga katika hospitali ya misheni miaka ishirini na sita, na alipostaafu akaanza kufuma sweta, hauzi wala haagizwi, anapenda tu. Tukamwita Sindano. Nafasi yake pale mwisho wa benchi iko wazi wiki ya tatu sasa, na hata siku ya soko hakuna anayeisogelea.

— Ni bei, Karani alianza. Tangu Wahindi wafukuzwe Kampala, uzi wa sufu haupiti Busia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo haiingii hapo, Farah akasema, akimimina.

— Itaingia. Wacha kwanza ipige hodi.

— Uzi upo. Ninao kwenye rafu, wa bluu, wa kijani, na ule wa rangi ya maini anaoupenda. Hajaja kuchukua.

— Basi ni petroli. Waarabu wamefunga bomba.

— Kondoo hanywi petroli, nikasema. Huko kansoli ulikuwa unapiga mihuri ya nini wewe?

— Lori linalobeba sufu linakunywa. Na wewe Digrii, ulisomea nini?

— Historia.

— Ndiyo maana umekaa nayo hapa.

Sabato akacheka hadi maji yake ya tangawizi yakamwagika kwenye suruali na kuacha doa la kahawa. Nilimwacha. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kikombe, wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa koti, mahali pake pa siku zote.

— Mnazunguka, Sabato akasema. Hii maneno ni ya kiroho. Kumbukumbu la Torati, ishirini na mbili, kumi na moja. Usivae nguo iliyochanganywa, sufu na kitani pamoja. Mzee alichanganya.

— Lini?

— Zile soksi za mjukuu. Moja sufu nyekundu, ya pili uzi wa gunia.

— Uzi ulimwishia, Farah akamtetea. Angefanya nini?

— Mungu hapokei udhuru wa kuishiwa.

— Angekuwa hapokei, nikasema, mimi ningekuwa motoni tangu mwaka wa sabini na mbili.

Tukaingia katika kumbukumbu za kazi za Mzee, kama tunavyofanya kila tunapoishiwa na hoja. Kulikuwa na lile shali jeupe la maonyesho ya kilimo. Lilishika nambari tatu, akapewa jembe na kadi, na kadi akaitembeza mjini wiki nzima ndani ya Biblia ili isikunjike. Mwezi uliofuata mkaza mwana wake akalichemsha shali pamoja na nepi, likatoka saizi ya kitambaa cha kufutia miwani.

— Alikuja nalo hapa, Karani akakumbuka. Akanifuta nalo miwani.

— Na ile sweta ya shule?

— Ya yule mjukuu wa Nyamache. Maruni. Aliifuma mwaka mzima, mstari leo, mstari Jumapili. Siku aliyoikamilisha, mwalimu mkuu akabadilisha yunifomu ikawa kijani.

— Akaifumua.

— Akaifumua, akafuma kofia tano. Moja akanipa mimi. Ikakataa kuingia.

— Kichwa chako kikubwa, Karani, nikasema. Kimejaa sheria ndogo za kansoli.

— Kikubwa sawa. Lakini kina pensheni.

Farah akaligonga birika. Birika hilo linavaa kofia ya Karani hadi leo, maruni, na kishungi juu. Na lazima niseme ukweli, kahawa haipoi upesi tangu livishwe. Mzee alilivisha yeye mwenyewe, akalifunga kidevuni kama mtoto, akacheka kutushinda sisi sote. Alikuwa anacheka pamoja nasi. Sehemu hiyo huwa tunaisimulia mara nyingi, na tunairefusha, ili tusifike kwenye ile nyingine.

— Mbona hamsemi ile ya kijivu? Farah akauliza.

Sabato akatazama barabara. Karani akakumbuka kwamba ana pua, akaipangusa.

Nitaisema mimi, maana ilikuwa yangu. Alhamisi, wiki tatu zilizopita, Mzee Jethro alikuja na sweta ya kijivu imekunjwa ndani ya gazeti. Akaitandaza magotini. Tulikuwa hatujaona kazi kama ile kutoka kwake: shingo imekaa, kiuno kimebana, hakuna kitanzi kilichoruka. Kasoro ilikuwa moja tu. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi, kwa upana wa vidole vinne vizima. Akasema, "Hii nayo imeisha," na hakusema ni ya nani. Akatutazama kama mtu anayengoja mwingine aanze.

Nikaanza mimi.

— Mzee, nikasema, hii umemfumia mtu ama mgomba uliopigwa na mvua ya mawe?

Walicheka. Mtu mwenye barua kumi na saba nyumbani akisikia watu wanacheka kwa ajili yake, hasimami. Nikaendelea.

— Wazee, tazameni. Mwenye mwili kama huu hayuko Gusii nzima. Na kama yuko, mama yake angalimficha.

Karani alipiga ubao kwa kiganja. Sabato alimwomba Mungu amsamehe, huku machozi yanamtoka kwa kicheko. Mzee hakucheka. Alinitazama, kisha akautazama mfuko wa koti langu, kisha sweta yake. Akatafuta ncha ya uzi kwenye ule mkono mfupi, akaivuta. Ilifumuka mbele yetu mstari kwa mstari, mkono, kifua, mgongo, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayekuna kichwa taratibu. Tulimaliza birika zima yeye bado anavuta. Mwisho akawa na donge la uzi kubwa kama kabeji. Akampa Farah pamoja na sindano zake mbili, akasema, "Utampa atakayehitaji." Akavaa kofia yake, akashuka kwenda stendi.

— Sasa nimeelewa, Karani akasema ghafla, akitaka kututoa hapo. Ule mkono wa kushoto haukuwa mfupi. Ni wa kulia uliokuwa mrefu.

— Kuna tofauti gani?

— Kubwa. Mwenye mkono mrefu ni nani? Ni mwizi. Na mwizi wa kufumiwa sweta nzuri kama ile ni nani? Ni mkubwa. Mtu wa Nairobi. Alipeleka oda Mosocho kwa Landrover.

— Nani aliiona hiyo Landrover?

— Haikuonekana. Hapo ndipo ujue ilikuwa ya mkubwa.

Hoja hiyo niliipenda, nakiri. Mimi kila kitu kikiishia Nairobi, kwa mtu mnene aliyekaa juu ya kazi yangu, nakipenda. Nikasema, obviously, mkubwa amesikia imechekwa, amemtisha Mzee, na sasa Mzee anaogopa hata kuja mjini. Mtaka cha mvunguni huinama.

— Hiyo pia haiingii, Farah akasema.

— Mimi naona ni jicho, Sabato akasema pole pole. Kuna watu wakitazama kitu kizuri, kitu kinaharibika. Maziwa yanakatika. Mtoto anatoka upele. Ile sweta ilikuwa nzima mpaka Digrii akaitazama.

— Mimi?

— Kwenu Nyamira kuna watu wa jicho.

— Nonsense. Ningekuwa na jicho, Sabato, ningeanza na ofisi za serikali.

Wakacheka tena, lakini kidogo, na hapo ndipo mwanamke mmoja akavuka kutoka upande wa soko, kapu mkononi, kitambaa kichwani kimeloa manyunyu. Alikuwa Nyangate, mke wa Mzee Jethro, tunayemwita Mama Ombati kwa jina la mwanawe. Miaka yote hii alikuwa akipita ng'ambo na kutupungia tu, kama mtu anayepita kando ya ng'ombe wa wengine.

— Bwakire, wazee, akatusalimu kwa Kigusii.

— Buya mono, Mama Ombati. Karibu, kaa.

Akakaa palipobaki, yaani pale panapovuja, maana hata yeye hakuisogelea nafasi ya mumewe. Hatukuwa na adabu ya kumwambia. Tone likamwangukia begani, la pili likafuata, naye hakusogea.

— Mzee hajambo? Karani akauliza.

— Yupo. Mikono ndiyo haipo.

— Imefanya nini?

Akatutazama, kama anashangaa.

— Inatetemeka. Si tangu leo. Ndiyo iliyomtoa hospitali, hamkujua? Akishika sindano za kufumia inatulia. Ndiyo maana anafuma, baba zangu. Hakuanza kwa sababu ya sweta.

Hatukujua. Wenzangu miaka minne, mimi mwaka wa pili, tulikaa naye bega kwa bega, tukijua bei ya petroli na dhambi ya sufu na kitani.

— Sasa ni wiki tatu hajafuma, akaendelea. Kikombe cha uji hakifiki mdomoni. Anakula akiwa ameelekea ukuta, ili wajukuu wasione. Nimemwambia afume chochote, hata kamba. Hataki. Lakini jana amesema neno. Amesema pengine alikosea kipimo cha ule mkono, maana alikisia kwa macho tu, mwenyewe hautoi nje. Amesema nikimletea kipimo cha kweli, ataifuma tena ile ile.

Akafungua kapu. Juu ya vitunguu palikuwa na utepe wa fundi nguo umeviringishwa vizuri. Akautoa, akaukunjua.

— Kwa hiyo nimekuja kuuliza tu. Nani hapa mkono wake wa kushoto ni mfupi?

Karani akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, akailinganisha, kwa uaminifu kabisa, kama anayekagua hati. Sabato akaiweka yake magotini. Farah alikuwa anapanga vikombe ambavyo vilikwisha kupangwa.

— Hakuna hapa, Mama Ombati, Karani akasema. Labda alimwona mtu sokoni.

— Amesema ni wa benchi.

Nilipokuwa na miaka saba nilianguka kutoka juu ya mpera nyumbani kwetu Nyamira. Mganga wa mifupa akaufunga mkono kwa mianzi, nao ukaunga, lakini ukaunga kwa haraka zake, ukabaki nyuma ya mwenzake vidole vinne. Tangu hapo kila shati ninalonunua linanifunika vidole vya kushoto kama mtoto aliyevaa nguo ya baba yake. Chuo kikuu nilijifunza mfuko. Nilikwenda kwenye intavyuu zote na mkono mfukoni, wakaniona nina kiburi, nami nikaona afadhali kiburi. Benchi hili halijawahi kuniuliza, nikadhani halijawahi kuona. Dresa wa miaka ishirini na sita alikuwa ameona, akanyamaza, akaenda kukisia kwa macho.

Nyangate aliwatazama mmoja mmoja, mikono tu, si nyuso. Zamu ikanifikia.

— Na wewe, mwanangu?

Nikainua mkono wa kulia, wenye kikombe.

— Mimi niko sawa, mama.

Akakitazama kikombe changu. Kisha akauviringisha utepe, akaurudisha juu ya vitunguu, akaomba radhi kwa kutukatiza mazungumzo. Bega lake moja lilikuwa limelowa kabisa. Akasema anawahi gari la Mosocho, akavuka barabara.

Sabato alinyoosha kikombe chake kuongezewa, akasahau kusema maji ya moto. Farah akalivua birika kofia, akaliinamisha, likatoa matone mawili.

— Imekwisha, akasema.

Akaingia dukani, akarudi na lile donge la uzi wa kijivu na zile sindano mbili, akaviweka kwenye nafasi ya Mzee, mwisho wa benchi, karibu nami. Hakunitazama. Karani akauliza vinakaa hapo kwa nini, Farah akasema rafu imejaa.

Kutoka hapa hadi stendi ni kama hatua mia mbili, na siku ya soko gari la Mosocho halijai upesi. Kitambaa chake kilikuwa bado kinaonekana katikati ya watu, kikasimama, kikapanda. Kondakta aliita Mosocho mara nyingi. Niliyasikia yote, nimeketi, mkono mfukoni.