Mistari Miwili ya Natta

Hadi leo Veronika hajapata mtu wa kumweleza kile kiti kilifikaje Natta, kijiji cha mbali na kwao. Kilikuwa kiti cheupe cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya mwekundu baada ya kuvunjika, na kilipotea kijiweni kwake, jirani na stendi ya Tarime, siku ya mnada. Wiki tatu baadaye, Alhamisi mchana, watu wanne waliokuwa wakinywa kahawa walikiona kwenye televisheni, stesheni ya Natta 2. Kilikuwa ukingoni mwa bwawa, kimewapa mgongo, hakuna aliyekikalia, na mguuni kina kitu chekundu. Picha ikakatika. Iliporudi, bwawa lilikuwepo na kiti hakikuwepo. Simu ya Brayan, ambayo ingeweza kupiga picha, ilikuwa imekwisha chaji. Basi kesho yake, saa tisa alasiri, kijiwe kikakaa kikao.

Televisheni ile ilinunuliwa kwa mchango wa wanakijiwe, kwa hiyo hata Veronika, ambaye ukuta ni wake na kahawa ni yake, hakuweza kuigusa bila wenzake kukubali. Na kijiwe kilikuwa na sheria moja tu: shauri huamuliwa birika likiwa bado na kahawa. Birika likikauka, shauri limekufa, kila kitu kinabaki kilivyokuwa. Veronika aliikumbuka sheria hiyo vizuri siku ile. Kesho yake, Jumamosi saa nne asubuhi, kitinda mimba wake Ester angevaa joho la uuguzi katika chuo kimoja huko Mtwara. Mtwara si jirani, na mguu wa Veronika uliotoka kwenye plasta mwezi uliopita haukuwa wa kukaa basini siku mbili. Chuo kingerusha mahafali kwa intaneti. Ester alituma anuani ya matangazo, na Sylvester, fundi simu mwenye kibanda palepale, akaiandika mwisho kabisa wa faili ambalo televisheni yao ililitumia kupata stesheni za intaneti. Sasa Kamanda anataka faili lifutwe.

— Lifutwe lote, alisema Waitara. Leo hii. Kabla jua halijazama.

Waitara ndiye waliyemwita Kamanda, kwa sababu aliwahi kuwa mgambo na hajawahi kustaafu moyoni.

— Lote, Kamanda? Na mpira? aliuliza Brayan. Huyu aliendesha bodaboda na jina lake la kijiweni lilikuwa Breki, kwa kuwa hana.

— Mura, wewe kijana unafikiria mpira wakati kiti cha Mama Ester kimesafiri kilomita zote hizo bila nauli?

— Labda kimeibwa tu kikauzwa huko. Kiti kinaibwa, Kamanda.

— Kimeibwa, sawa. Lakini nani alituonyesha? Mwizi gani anaiba kitu halafu anakurushia kwenye televisheni yako mwenyewe?

Brayan akarudi kwenye kikombe chake. Veronika akaitumia nafasi hiyo kumimina. Alijaza vikombe hadi ukingoni.

— Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao, alisema Elia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini, na kijiweni walimwita Methali.

— Hiyo imeingiaje hapa, Mwalimu?

— Imeingia. Tulikuwa na antena yetu, stesheni nne, tunalala salama. Akaja Fundi na stesheni mia sita za bure. Nani anakupa mia sita bure? Hata pilipili sokoni hawakupi.

Macho yote yakahamia kwa Sylvester, aliyekuwa ameinamia simu ya mteja na bisibisi mdomoni. Akaitoa.

— Nimewaambia mara ngapi, wazee wangu? Sikuleta stesheni mimi. Nimeleta orodha. Jamaa yangu wa Sirari naye alipewa na watu wa upande wa pili wa mpaka. Zingine zinafanya kazi leo, kesho zimekufa, kwa sababu wenyewe wamehama au wamefunga.

— Sikilizeni, alisema Waitara. Alipewa na watu. Watu gani? Hana majina.

— Kamanda, njoo uone kwa macho yako.

Fundi akalifungua faili kwenye simu yake na kuiweka juu ya meza. Veronika naye akasogea, birika mkononi. Alitegemea kuona kitu cha kutisha, lakini yalikuwa maandishi tu, meusi kwa meupe, marefu kama risala. Kila stesheni ilikuwa na mistari miwili. Mstari wa juu ulikuwa na jina, wa chini ulikuwa na anuani ndefu isiyosomeka.

— Picha ziko wapi? aliuliza Brayan.

— Hazimo. Humu hamna picha hata moja. Lile bango la stendi limeandikwa Mwanza. Mwanza imo ndani ya bango?

— Haimo.

— Basi. Kile kiboksi cha televisheni kinasoma jina, kinachukua anuani, kinakwenda kubisha hodi. Wakifungua, unaona. Wasipofungua, unaona giza.

— Kinabisha hodi, alirudia Waitara polepole. Kikibisha, aliyeko ndani hajui ni nani amebisha?

Sylvester alikuna shingo.

— Anajua kuna aliyebisha.

— Kumbe!

— Lakini hakuoni, Kamanda! Hajui kama una ndevu au huna.

— Leo hajui. Kesho?

Elia alikuwa amevaa miwani na kuishusha hadi ncha ya pua, kama anasahihisha madaftari.

— Fundi, hapa mbele ya kila jina kuna alama ya kutoa, na moja. Toa moja. Huyu naye toa moja. Wote! Hii ni nini?

— Ni alama ya mashine, Mwalimu. Ina maana matangazo ni ya moja kwa moja, hayana urefu unaojulikana. Ingekuwa wimbo wangeandika sekunde zake.

— Hapana, hapana. Hesabu nimefundisha mimi. Toa moja ni toa moja. Waturuki hawa, toa moja. Wabrazili, toa moja. Akateremsha kidole hadi palipoandikwa Natta 2, jina la pili kutoka mwisho, juu tu ya lile la Ester. Natta, toa moja. Sasa niambieni, hapa kwetu kimetolewa nini?

— Kiti, alisema Brayan kwa sauti ndogo.

— Kiti! Kimoja!

Hata Veronika, aliyejua kwamba Mwalimu Elia anaweza kuthibitisha chochote akipewa chaki, aligeuka akatazama mahali kiti kilipokuwa kikikaa. Alimtazama Waitara akitegemea kelele. Waitara hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

— Baba yangu hakuhesabu ng'ombe kwa sauti, alisema. Hata siku moja. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi, anawatazama wakiingia, anawajua mmoja mmoja kwa rangi. Ukimuuliza wako wangapi anakwambia, wamo. Alisema ukitaja idadi, yupo anayesikia, na atatoa mmoja.

Hakuna aliyecheka. Wote walijua habari ya Waitara. Miaka sita nyuma alilala msibani Kerende usiku mmoja tu, na usiku huohuo zizi lake likafagiliwa. Aliyefanya hivyo alijua yuko wapi. Tangu hapo Waitara huketi akiegemea ukuta, na mtu asiyemfahamu akipita hukariri nguo zake.

Brayan, ambaye ukimya humwasha kama upupu, akaona avunje.

— Mimi naona hizi si stesheni. Ni vijiji. Ulimwengu mzima umeandikwa humu, kila sehemu na kamera yake. Sisi tunaangalia Natta, na Natta 1 iko wapi? Mbona tuna Natta 2 peke yake?

— Swali zuri hilo, alisema Elia.

— Natta 1 ni sisi!

— Lakini sisi ni Tarime.

— Ndiyo wanavyoficha, Mwalimu! Mficha uchi hazai!

— Na kompyuta za siku hizi, alisema Elia, aliyekwisha kupanda mlima na hakutaka kushuka, zinatengeneza picha zenyewe. Zikikosa kitu cha kuweka kwenye picha, zinaazima kwa watu. Leo kiti. Kesho zitahitaji mzee wa kukikalia.

Wakamtazama. Mwalimu mwenyewe alionekana kushtushwa na maneno yake.

Veronika akainua birika kumimina tena. Lilikuwa limebaki jepesi, labda vikombe vinne. Aliwajazia watatu, na alipofika kwake Waitara akafunika kikombe chake kwa kiganja.

— Mama Ester. Leo unajaza mpaka ukingo.

— Kahawa ya Ijumaa, Kamanda.

— Ijumaa iliyopita ulitupimia kama dawa. Unataka birika likauke, shauri life.

Hakukana. Uongo haukumkaa vizuri, na kijiweni kila mtu aliujua uso wake.

— Ndiyo, alisema. Nataka life. Kesho saa nne mwanangu anavaa joho. Mstari wake uko mwisho wa hilo faili mnalotaka kulifuta. Miaka mitatu nimekaanga kahawa hii kwa ajili ya saa moja hiyo. Fundi anasema si kazi ndogo kuliweka tena, kile kiboksi kimezeeka kama mimi. Mkifuta, nitamwona Ester kwa kusimuliwa.

— Mama Ester, hakuna anayemchukia Ester. Tunamlinda hata yeye. Tukibisha hodi chuoni kwake, wanajua mama yake yuko wapi.

— Mimi nataka wajue!

Kikao kikasimama hapo. Kwenye benchi la pembeni alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, mkoba wa nguo miguuni, akisubiri basi. Alikuwa amewaamkia wazee shikamoo alipofika, akanunua kikombe kimoja, akakinywa akisikiliza kikao.

— Samahanini, alisema. Mimi mpita njia tu. Nimesikia Natta inatajwa.

— Unaifahamu? aliuliza Elia.

— Ni kwetu. Naitwa Agustina. Nilikuja kumwona dada yangu kajifungua, sasa narudi. Hilo bwawa mnaloliona likoje?

Sylvester akaichukua rimoti. Stesheni ikazunguka, ikazunguka, kisha bwawa likatokea, kimya kama kawaida yake. Maji ya rangi ya udongo. Mti mkavu upande wa kushoto. Nyuma, nyasi hadi mwisho wa macho. Agustina akasimama, akasogea karibu na kioo.

— Mabwawa kule kwetu ni mengi, na yote yanafanana ukiyaona bila njia iendayo huko, alisema. Kuna kambi za watalii zinazoweka kamera wageni waone wanyama wakinywa. Huenda ni moja ya hizo. Kiti sikijui. Akatazama tena. Huwa mnaona watu?

— Wanapita, alisema Brayan. Wachungaji. Juzi walikuja akina mama na ndoo. Mmoja akavua kilemba akaosha uso, akajiona yuko peke yake akaanza kuimba, lakini haina sauti. Akacheza kidogo. Tulicheka sana!

Agustina hakucheka. Aligeuka akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, bila hasira, kama mtu anayetafuta mwenye nyumba.

— Na yule mama mlimwomba ruhusa?

Elia alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Sylvester akaitazama bisibisi yake. Kwenye kioo, upepo ulipita juu ya maji ya mtu fulani, nao walikuwa wakiyaangalia mwezi wa pili sasa, kila mchana, na kashata.

Veronika alimtazama Waitara. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mtu aliyekaa miaka sita akitafuta nani alikuwa akimwangalia alikuwa anahesabu, kimoyomoyo, siku ambazo yeye ndiye aliyekuwa akiangalia.

Honi ya basi ikalia stendi. Agustina akauinua mkoba, akaweka kikombe mezani, akashukuru kwa kahawa. Alipofika barabarani Waitara akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mpita njia.

— Dada! Ukifika Natta, waambie kuna kamera.

— Nitawaambia.

Basi likaondoka. Waitara akakaa, na safari hii alikaa mwisho wa benchi, mbali na ukuta, labda bila kujua.

— Mama Ester, birika lina nini?

— Kikombe kimoja.

— Basi tuamue. Fundi, ukitoa ya Natta peke yake, nyingine zinabaki?

— Zinabaki. Ila utoe mistari yote miwili. Ukitoa jina ukaacha anuani, kiboksi bado kitakwenda kubisha hodi, tena bila kukwambia ni kwa nani.

— Itolewe yote miwili. Zile za mpira na Waturuki tutazijadili siku nyingine, mimi bado siziamini. Ya Ester inabaki. Ester ametuma anuani kwa mkono wake, ametualika. Aliyekualika humchungulii. Mwalimu?

— Naunga mkono, alisema Elia. Brayan aliinua mkono. Sylvester akaanza kuisogelea simu, lakini Waitara akamzuia.

— Afute mwenye mwaliko.

Veronika akaweka birika chini. Alipangusa mikono kwenye kitenge, pande zote mbili, kwa sababu simu haikuwa yake na vidole vilikuwa na majivu. Sylvester akamwonyesha pa kugusa. Herufi za anuani zikaanza kuondoka kutoka nyuma, moja moja, hadi mstari ukawa mtupu. Kisha jina: kwanza ile mbili, kisha Natta. Brayan alizitaja kwa mdomo kila moja ilipopotea, na Kamanda akamwambia anyamaze.

— Bonyeza mara moja tena, mama, alisema Fundi. Ufunge hilo pengo.

Akabonyeza. Maandishi ya chini yakapanda, na jina la Ester likaingia mahali palipokuwa pa bwawa.