Siku Kumi na Tatu Alizoongezewa Bogosav Teofilović

(Wasifu wa marehemu, umesomwa na bintiye Persida, makaburini Donje Jasenje, Alhamisi tarehe 7 Machi 1974)

Marehemu Bogosav Teofilović alizaliwa hapa Donje Jasenje, siku ya Mtakatifu Dimitri mwaka 1896, mtoto wa tatu wa Vilotije na Stamena. Tarehe tungeitaja, ila kwa kalenda ipi? Kanisa lina yake na serikali ina yake, na balaa lote la maisha ya marehemu lilianzia hapo.

Alisoma madarasa manne katika shule yetu, kisha akafundishwa na babake kutengeneza mapipa. Wengi mliosimama hapa, pombe yenu ya rakija imelala ndani ya kazi ya mikono yake.

Mwaka 1914 aliingia jeshi letu la Serbia. Jeshi liliposhindwa na kurudi nyuma, alivuka milima ya Albania kwa miguu kwenye theluji, akapona kisiwani Korfu, akapelekwa vitani Makedonia. Waserbia, Wafaransa, Waingereza na Wagiriki walikaa huko miaka miwili wakiitazama milima iliyoshikwa na adui, Wabulgaria. Kiangazi cha 1918 ikaamriwa mizinga ipandishwe kwa kamba, watu na nyumbu wakivuta pamoja, kuelekea kilele cha Dobro Polje. Mfaransa alivuta kwenye “tatu”, Mserbia alivuta baada ya “tatu”, na mzinga ukabaki kuyumba palepale. Marehemu akachoka. “Acheni kuhesabu! Mimi nitamtukana nyumbu. Nikitukana, wote vuteni!” Mizinga ikapanda. Mfaransa mmoja, Anselme, alirudi kwao na Kiserbia cha kumfukuzisha katika kanisa lolote.

Tarehe 15 Septemba ngome za adui zilivunjwa, na asubuhi hiyohiyo marehemu alipigwa risasi ya paja. Wiki mbili baadaye Bulgaria iliomba amani, na washirika wakasonga kaskazini mpaka nchi yetu ikakombolewa. Habari hizo alizipata kitandani, katika hospitali ya Wafaransa.

Daktari wao alimwandikia cheti cha jeraha kwa kalenda yao: 15 Septemba. Jeshi letu lilikuwa bado na kalenda ya zamani, iliyo nyuma kwa siku kumi na tatu. Kwa hiyo vita vilipokwisha, ofisi ya kumbukumbu za jeshi iliongeza siku kumi na tatu kwenye kila karatasi ya jeshi, na cheti chake nacho hakikusazwa. Mwaka 1934 kijiji kilipochonga jiwe la majina ya waliovunja ngome zile, kamati ilitaka uthibitisho wa ofisi. Marehemu akaenda mjini.

“Mzee, hii inakuwa tarehe 28,” karani alimwambia.

“Ongezeni siku kwenye karatasi za jeshi letu! Hii kaandika Mfaransa!”

“Ina muhuri wetu mgongoni.”

“Mmeupiga nyinyi wenyewe baadaye!”

“Tarehe 28 hapakuwa na adui pale, mzee. Nani basi alikupiga risasi?”

“Konokono,” alijibu marehemu, akatolewa nje.

Jiwe likasimama bila jina lake. Tangu hapo, kila akiingia kilabuni, jirani yetu Tihomir alipaza sauti: “Kumi na Tatu! Karibu, leo umewahi!” Marehemu alicheka pamoja na wengine, lakini nyumbani hakula. Alirudi ofisini mara kumi na moja, chini ya serikali tatu. Serikali zilianguka, hesabu ile haikuanguka. Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake: ilituchosha, na bado inatukera.

Alimwoa Draginja mwaka 1921, wakaishi pamoja miaka arobaini na mitano. Mama alizoea kusema, “Mimi niliolewa na wawili, Bogosav na cheti chake.” Alimtangulia mwaka 1966.

Mwaka 1972 Persida aliandika barua Ufaransa, kwa jamaa ya Anselme. Binti wa Anselme alijibu kwa kutuma ukurasa wa daftari la babake: “15 Septemba. Mtukana nyumbu kajeruhiwa pajani. Tumelia.” Ukurasa ukapelekwa ofisini, na ofisi ikanyamaza.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba iliyopita. Mpaka mwisho alikuwa akiuliza, “Tarishi kapita?” Akiambiwa bado, aligeukia ukutani. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 5 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Barua ya ofisi ililetwa jana, Jumatano. Inakiri kwamba alijeruhiwa Dobro Polje tarehe 15 Septemba 1918, na inaagiza jina lake lichongwe kwenye jiwe. Inamtaka afike mwenyewe kutia sahihi.

Ameacha mwana, Radiša, binti, Persida, na wajukuu watano.

Apumzike kwa amani. Walimwongezea siku kumi na tatu ambazo hakuziomba. Moja tu ingemtosha.